Nilivyokwenda Ziwani Kuitafuta Jumatatu Yetu

Kalenga, Kabeya, nanyi wote wa banda la zana,

Tangu nirudi mnaniuliza, nami najibu "tulishindwa," kisha nachukua reki na kuondoka. Najua hamridhiki. Juzi Kabeya alisema mbele ya wote kwamba mtu aliyetumwa na wenzake hawezi kurudi na neno moja tu. Amesema kweli. Lakini mnanijua. Watu wakizidi wawili ulimi wangu unalala. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Nimesoma madarasa sita tu kwa mapadre, na mkono wangu hauna haraka, basi msishangae nikichukua siku nyingi kwa kurasa chache. Kalenga atawasomea wasiojua kusoma. Nitaeleza hata mnayoyajua, maana ndugu yake Kalenga wa kule Mutoshi, ambaye hajawahi kukanyaga kiwanja cha gofu, naye anataka kusikia.

Kolwezi hadi Tenke

Basi wewe wa Mutoshi, jua kwanza hivi. Kiwanja cha gofu cha Kolwezi ni cha Wazungu wa Serkle, yaani chama chao cha kunywea na kuchezea. Sisi ni watu kumi na mmoja tunaokitunza na kuwabebea mifuko ya fimbo. Ardhi yetu ina shaba kuliko rutuba, na wakati wa kiangazi majani yanakauka kabisa. Kwa hiyo kandokando ya kila shimo hatuna majani. Tuna duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya malori, mweusi, ulioshindiliwa. Mpira ukifika juu ya mchanga ule, mbebaji anachukua ubao uliofungwa gunia, anafagia njia iliyonyooka kutoka kwenye mpira mpaka kwenye shimo, anafuta nyayo zote. Mzungu anasimama kando akingoja. Njia ikiwa safi, ndipo anapiga. Kila mmoja wetu amefagia njia hizo maelfu ya mara. Hakuna anayeifikiria kazi hiyo, kama usivyofikiria kufungua mdomo unapotia tonge.

Mnakumbuka jinsi tulivyojifunza kucheza, alfajiri, kwa mipira iliyopotea na chuma kilichopindwa. Mnakumbuka pia asubuhi ile Bwana Polepole aliponikamata. Nilidhani nimekwisha kufukuzwa. Yeye akatazama mpira ulikoangukia, akatazama chuma changu, akasema, "Piga tena." Jina la Polepole tulimpa sisi, kwa sababu anamwambia kila mtu polepole na yeye mwenyewe anakimbia. Ni injinia, na ndiye mkubwa wa Serkle. Baadaye ilikuja barua kutoka hoteli moja ya ziwani, upande wa Albertville: mwaka huu, katika mashindano yao ya watu wawili wawili, Mzungu akitaka anaweza kuja na mwenzake mweusi. Siku hizo Wazungu walikuwa wameanza kusema sana juu ya umoja wa weupe na weusi. Bwana Polepole akanichagua mimi.

Mlikuwapo aliposimama mbele ya banda. "Sisi wawili tukirudi na kombe," alisema, "mi nasema na Serkle. Siku ya Jumatatu Wazungu hapana cheza. Jumatatu itakuwa ya ninyi. Mutacheza mu kiwanja, na majina yenu mu kitabu."

Hilo ndilo lililonipeleka. Sikwenda kwa ajili ya kombe.

Tuliondoka na treni iliyotoka Dilolo. Bwana alipanda mbele, kwenye behewa la mito na mapazia. Mimi nilipanda nyuma, daraja la tatu, pamoja na mifuko miwili ya fimbo, wake na ule alioniazima. Mifuko ile ilichukua nafasi ya watu wawili, na watu wawili hao walikuwa wamesimama wakinitazama. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Sandoa, mnene, mwenye magunia ya unga wa muhogo na kapu la uyoga mkavu. Alikuwa anakwenda Kamina kumwona binti yake aliyejifungua. Alitazama mifuko kwa muda mrefu.

"Weye mutoto, ile ni bunduki?"

"Hapana, mama. Ni fimbo."

"Fimbo yote ile! Unaenda kupiga nani?"

"Ni ya kuchezea, mama. Unapiga mupira mudogo, unaingia mu shimo."

"Na kisha?"

"Kisha unautoa."

"Unautoa tena?"

"Ndiyo. Unaenda kuutia mu shimo ingine."

Mama akageukia behewa zima. "Mumesikia? Anautia mu shimo, anautoa, anautia mu ingine! Bazungu banashiba, kweli." Watu wakacheka mpaka mtoto aliyelala akaamka. Nami nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka. Baada ya hapo waliokuwa wamesimama wakakalia mifuko yangu, na hakuna aliyeniuliza kama naruhusu.

Tenke ndipo njia zinapogawanyika, nasi tulipaswa kubadili treni. Nilishuka na mifuko, mmoja bega hili, mmoja bega lile. Askari wa stesheni akanishika mkono.

"Bitu bya Muzungu hivi. Umeiba wapi?"

Mnajua nini kilinipata. Maneno yote niliyokuwa nayo yaliondoka. Nilisimama kama mwizi hasa. Askari akanikalisha chini karibu na mizani ya mizigo, akafungua mifuko, akaanza kutoa fimbo moja moja na kuzipanga sakafuni. Treni ya kwenda kaskazini ilikuwa imekwisha kuingia. Bwana Polepole alikuwa kwenye chumba cha kahawa cha Wazungu, na mlango wake ulikuwa umefungwa.

Aliyeniokoa ni yule mama. Alikuja na gunia kichwani. "Juu ya nini unamusumbua mutoto ya batu? Muzungu wake iko pale, anakunywa kahawa. Enda umuulize kama hauogope." Askari aliogopa, nadhani, maana alikwenda taratibu sana. Bwana alitoka na leso mkononi. Hakumgombeza askari hata kidogo. Alinigombeza mimi.

"Kwa nini weye hapana sema? Mudomo ya weye ni ya nini?"

Nilirudisha fimbo kwenye mifuko. Mbili ziliwekwa mahali pasipo pake, na hilo nalo nikagombezwa.

Tenke hadi Kabalo

Njia ya kaskazini ni ndefu kuliko nilivyofikiri. Kila mahali tulisimama. Pengine tulisimama porini bila sababu, injini ikipumua, na wanawake wakatokea kwenye majani marefu na karanga za kuchemsha na mihogo iliyochomwa, kana kwamba walijua tutasimama hapo. Baada ya Bukama joto likabadilika, likawa la maji. Mama wa Sandoa alinigawia matonge ya bukari yake na sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa karanga. Alinilisha kama mwanawe na kunitania kama shemeji. Kamina aliposhuka, aliniambia kwa sauti ambayo behewa zima lilisikia, "Mutoto, uende ubapige, lakini kwanza ujifunze kusema." Watu walicheka tena. Mimi sikucheka.

Kabalo tulikwama. Kulikuwa na behewa la mizigo lililoacha reli mbele yetu, kwenye njia ya Albertville, na hakuna aliyejua litainuliwa lini. Wazungu walipelekwa kwenye nyumba ya wageni. Sisi tulibaki kwenye sakafu ya stesheni siku nzima na nusu. Nilikula samaki waliobanikwa, nikanywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kutoka kwa katekista mmoja Muluba aliyekuwa akienda kumtazama kaka yake mgonjwa. Katekista huyu, aliyeitwa Tata Ngoie, yaani Baba Ngoie, alikuwa mtu wa maswali. Kidogo kidogo alinitoa habari yote ya Jumatatu. Naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa siri, akaisambaza.

Kabla ya saa sita stesheni nzima ilijua. Vijana wakanizunguka. "Onyesha!" Nilikataa. "Onyesha, kaka, hata mara moja. Tutajuaje kama hautudanganyi?" Tata Ngoie akaweka tunda la mchikichi juu ya kijiti, mbele yangu. "Piga hii," akasema. "Ni mudogo kama mupira yako."

Sijui kwa nini nilikubali. Labda kwa sababu ya maneno ya mama yule. Nilitoa fimbo ya chuma, nikasimama, sikumtazama mtu. Tunda liliruka juu ya paa la ghala, likaendelea, likaangukia upande wa mto. Ndugu zangu, sijawahi kusikia kelele kama zile kwa ajili yangu. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja aliyekuwa amelala aliinuka na kuuliza kama Wazungu wameondoka. Mkuu wa stesheni akatoka, akatufukuza kwa filimbi. Tata Ngoie alinishika bega.

"Mi sijue muchezo hii. Lakini ukibashinda, batakubali?"

"Iko na kitabu ya sheria, tata. Kitabu haichague mutu."

Nilisema hivyo. Niliamini hivyo.

Hotelini

Hoteli ile ilijengwa kwenye mteremko unaoshuka mpaka ziwani. Nyeupe yote, na maua mekundu yamepanda kuta. Sikupata kuingia ndani, kwa hiyo siwezi kuwaambia mengine. Nililala nyuma, kwenye nyumba za wapishi, kwa mpishi mkubwa aitwaye Tata Sumaili. Ni mtu wa ziwani, Mwislamu, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha mapadre wetu. Mke wake alitupikia samaki wabichi wa ziwani, mikebuka, kwa mawese na wali, nami niliona haya kwa jinsi nilivyokula.

"Kula, mwanangu," alisema Tata Sumaili. "Kesho watakuweka na Wazungu uwanjani, kisha chakula watakuletea kwenye ngazi za nyuma. Nimekwisha kuambiwa nikutengee sahani ya bati."

Na ndivyo ilivyokuwa, siku zote mbili.

Kiwanja sasa. Mngelia mngekiona. Majani kila mahali, hata kandokando ya mashimo, mafupi na laini kama blanketi jipya. Niliweka kiganja changu pale nikakiacha. Mpira unakimbia juu yake bila sauti. Hakuna ubao, hakuna gunia, hakuna cha kufagia. Viboko hupanda kutoka ziwani jioni kula majani hayo, na nyayo zao zinabaki kama sufuria. Ukutani pa hoteli palibandikwa sheria juu ya nyayo hizo: mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Nilisoma nikafurahi. Nikasema, watu waliomfikiria hata kiboko ni watu wa haki.

Mashindano yenyewe huchezwa hivi. Wawili wana mpira mmoja, wanaupiga kwa zamu. Bwana alianza mashimo ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea. Mimi ya pili, ya nne, ya sita. Tunashindana shimo kwa shimo na wawili wengine. Mwenye mapigo machache anachukua shimo, na mwenye mashimo mengi anashinda. Asubuhi ya kwanza tulipigwa picha, mimi na Bwana Polepole tumeshikana mikono, na mwandishi wa gazeti akasema nitabasamu zaidi. Kisha tukawashinda ndugu wawili wa Kongolo kwa urahisi. Sikukosa hata pigo moja la kuaibisha. Wabebaji wa hoteli walinipigia makofi kwa siri, mikono ikiwa nyuma ya migongo.

Aliyebeba mfuko wangu alikuwa mtu mzima, Musafiri, mwenye ndevu. Nilitaka kumpokea mfuko. Alikataa.

"Acha, kaka. Mi nimebeba ya bazungu miaka yote. Acha nibebe ya mutu mweusi siku mbili."

Shimo la mwisho

Siku ya pili tulicheza ya mwisho, dhidi ya daktari mmoja wa Usumbura na rafiki yake mwenye mashamba ya kahawa. Daktari alikuwa mtu wa vicheko. Alinisalimia kwa kichwa, akasema na Bwana Polepole. Mchezo ulikwenda sawa kwa sawa tangu mwanzo. Mimi nilikuwa naona Jumatatu tu. Nikipiga vizuri nilimwona Kabeya akisimama mahali pa kuanzia akiwa na fimbo ya kweli. Nikipiga vibaya nilimwona amesimama na reki.

Tulifika shimo la kumi na nane hali tuko sare. Shimo hilo liko chini kabisa, karibu na ufuko. Nilianza mimi, nikapiga mbali. Bwana akapiga la pili, likapungua. Nikapiga la tatu, mpira ukapanda juu ya majani laini na kusimama hatua tatu kutoka shimoni. Wale wengine walikuwa wamekwisha kumaliza kwa mapigo matano. Likiingia la Bwana, yatakuwa manne. Kombe letu, na Jumatatu yetu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana ndilo mnalouliza.

Tangu asubuhi upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani. Ulikuwa umeleta mchanga wa ufuko na kuutandaza juu ya majani yale, kati ya mpira wetu na shimo. Siku mbili sikuwa nimeona mchanga mahali pa shimo. Niliuona, na Bwana Polepole alikuwa amesimama kando, fimbo chini ya kwapa, akingoja. Alisimama vile vile anavyosimama Kolwezi. Mikono yangu haikuniuliza. Nilivua kofia, nikainama, nikafagia njia nzuri iliyonyooka kutoka kwenye mpira mpaka kwenye shimo, nikaipapasa kwa kiganja iwe sawa, nikarudi nyuma.

Bwana akapiga. Mpira ukaingia.

Nilisikia Musafiri akitoa pumzi. Bwana alinyoosha mkono anipe. Ndipo daktari akasema, kwa Kifaransa na kwa upole mkubwa, kwamba anasikitika. Alitoa kitabu kidogo kwenye mfuko wake. Alikuwa ameona tangu nilipoinama. Alingoja mpaka mpira uingie. Kuondoa mchanga kunaruhusiwa, alisema, lakini kwa kuusukuma kando. Kufagia kwa kufuata njia na kuibonyeza hakuruhusiwi, si kwa mchezaji, si kwa mwenzake. Anayefanya hivyo amepoteza shimo.

Bwana Polepole akawa mwekundu. Alisema, "Ni mazoea ya boi tu. Hajui."

Na daktari akajibu, "Lakini ni mwenzako, sivyo? Jina lake umeliandika wewe."

Siku mbili nilikula kwenye ngazi za nyuma kama boi. Dakika ile moja wakanifanya mchezaji kamili, ili nipate kuadhibiwa. Bwana alitazama kitabu, akatazama ziwa. Hakusema kwamba alisimama akingoja nifagie. Hakusema kwamba Kolwezi hawezi kupiga mpaka tufagie. Aliwapa mikono wote wawili. Picha ya kombe walipiga wao watatu na mwenye hoteli.

Nilikwenda nyuma ya jiko. Musafiri alinifuata, akakaa karibu nami, akachokoachokoa udongo kwenye viatu nilivyoazimwa.

"Kaka," alisema mwisho, "iko kitu. Leo ku shimo ya saba, weye ulikuwa umetangulia kuenda kuanza ya nane. Mupira yenu ilikuwa juu ya majani, na muchanga kidogo. Bwana yako alitoa kofia, akafagia. Sawa vile weye umefagia. Njia yote."

"Na docteur?"

"Docteur alicheka. Akasema, 'Haa, watu wa Kolwezi! Hapa hatufagii, rafiki.' Bwana yako naye akacheka. Bakaendelea."

"Na shimo ile, si tulichukua sisi?"

"Ninyi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale uwanjani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto. "Mi? Niko na batoto tano." Kisha akasema, taratibu, "Lakini weye ni muchezaji. Jina yako iko mu karatasi. Enda useme."

Nilisimama. Nataka mjue kwamba nilisimama. Nilizunguka nyumba, nikapanda ngazi za mbele, zile nilizokatazwa. Walikuwa wamekaa kwenye baraza, Bwana Polepole, daktari, yule wa kahawa, glasi mezani, kombe katikati. Nilikuwa na maneno tayari, kwa Kifaransa, nilikuwa nimeyapanga njiani: shimo la saba. Maneno matatu tu. Waligeuka wakanitazama. Bwana Polepole alinitazama, na uso wake, nawaambieni, ulikuwa unajua nilichokuja nacho.

"Nini?" alisema.

Nikasema, "Mufuko, Bwana. Niweke wapi?"

"Nyuma," alisema.

Nikaupeleka nyuma. Tata Sumaili alinipa samaki, sikula. Mke wake alinifungia samaki wale kwenye majani ya mgomba kwa ajili ya njia, pamoja na ndagala, wale samaki wadogo wakavu ambao ninyi mmekwisha kula na kuwasifu.

Kurudi

Katika kurudi hatukukwama hata mara moja. Kabalo tulipita bila kusimama sana. Vijana wawili walinitambua dirishani, wakaita, "Kaka, umebapiga?" Nilijifanya nimelala.

Nilikuwa na siku tatu za kumwambia Bwana Polepole. Alinijia mara moja tu, Tenke, tulipokuwa tukingoja treni ya Kolwezi. Alisimama karibu nami na mifuko, mahali pale pale pa mizani, akawasha sigara. Alikuwa mpole. Ningependelea awe mkali.

"Weye nacheza muzuri," alisema. "Muzuri sana. Tulishindwa juu ya upepo. Sema vile na wale wengine: upepo, bahati mubaya."

"Ndiyo, Bwana."

"Mambo ya Jumatatu. Serkle hapana weza kupatia watu kumi na moja. Ni mingi. Watu banaharibu kiwanja. Siku ingine, polepole." Alitoa karatasi kwenye mfuko wa koti. "Lakini weye, weye mwenyewe moja, na mimi, Jumatatu asubuhi. Jina yako hii hapa. Mi nimeandika."

Alikuwa ameiandika kwa wino, jina langu lote, lile la ubatizo na la baba yangu, na chini yake sahihi yake. Ilikuwa karatasi ya kunifunga mdomo, nami nilijua, naye alijua kwamba najua. Shimo la saba lilikuwa limesimama kati yetu kama mtu wa tatu.

Nilipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa Kifaransa, "Mersi, Bwana."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Upepo ulikuwapo, lakini si upepo uliotushinda. Kabeya, ulitaka kujua kwa nini nawakwepa. Ni kwa sababu ya karatasi ile. Nimeiweka kati ya kurasa hizi, Kalenga ataitoa muione wote, kisha mfanye nayo mtakavyo.

Leo ni Jumapili. Kesho asubuhi Bwana Polepole atasimama mahali pa kuanzia akiningoja, na mimi sitakwenda. Lakini msinisifu kwa hilo. Kutokwenda ni rahisi, hakuhitaji mdomo. Mara mbili nilikuwa na mdomo na watu wa kuwaambia. Mara ya kwanza niliuliza mfuko niuweke wapi. Mara ya pili nilisema mersi.